Nyumba na Reli: Nani Alitangulia?

1. Utangulizi

Historia ya sharika zilizo chini ya milima ya Usambara na Upare, pamoja na zile za mji wa Moshi, haiwezi kusimuliwa kikamilifu pasipo kuitaja reli. Vitabu vya kumbukumbu huanza na siku ya wamisionari kuwasili, siku ya ubatizo wa kwanza na siku ya kuwekwa jiwe la msingi. Mambo hayo yana mahali pake katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sura hii yahusu jambo ambalo wazee wa kanisa hawakuliandika katika daftari zao, ingawa liliyagusa maisha ya washarika mchana na usiku, nalo ni kuishi katika nyumba iliyo karibu na reli.

Swali linaloongoza sura hii ni jepesi kuulizwa, bali si jepesi kujibiwa. Kati ya nyumba na reli, nani alitangulia? Jibu la swali hilo limeamua mengi katika muda wa zaidi ya miaka 100. Limeamua nani alipwe fidia na nani asilipwe, nani athubutu kujenga kwa matofali na nani abaki na ukuta wa udongo, nani alale kwa amani na nani aamke asubuhi akute alama ya X imepakwa ukutani kwake.

2. Reli Yafika

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzishwa Tanga mwaka 1893 na kampuni ya Kijerumani. Reli hiyo ndiyo ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Mwanzo wake ulikuwa wa kusuasua. Ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita zipatazo 40 tu kutoka pwani, kisha kampuni ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni iliichukua mwaka 1899 na kuendeleza kazi. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Hivyo njia ya kilomita zipatazo 350 ilichukua miaka 18. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wameijenga reli yao kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyo ndefu zaidi ya mara mbili, kati ya mwaka 1896 na 1901.

Njia hiyo ilipita katika nchi za Wabondei, Wazigua, Washambaa, Wapare na Wachaga. Haikupita mahali patupu. Ilikata mashamba, njia za kwenda kisimani na malisho ya mifugo. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kuandaliwa kabla ya reli kufika mbali. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitolewa amri ya mfalme wa Ujerumani iliyotamka kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni hili ni mali ya serikali. Neno hilo, "isiyo na mwenyewe," ndilo lililoleta taabu. Mkulima wa enzi zile alilima shamba kwa misimu kadhaa, kisha akaliacha lipumzike na kuota majani ili lirudishe rutuba. Kwa macho yake na ya jirani zake shamba hilo lilikuwa na mwenyewe, naye alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Kwa macho ya mpima ardhi mgeni, lilikuwa pori.

Ndiyo maana tangu siku ile ya kwanza kulikuwa na majibu mawili kwa swali la nani alitangulia. Wenyeji walisema nyumba ilitangulia. Ramani ilisema reli ilitangulia. Waingereza waliposhika utawala baada ya vita, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya nchi chini ya mamlaka ya gavana, na ukanda wa reli ukaendelea kuwa wa reli.

Pamoja na reli yalikuja mashamba ya mkonge. Dakta Richard Hindorf aliiingiza miche ya mkonge nchini mwaka 1893, mwaka ule ule ujenzi ulipoanza Tanga, na kati ya miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na michache hiyo yalitokea mashamba makubwa yaliyotanda pande zote mbili za njia kutoka Tanga hadi Korogwe na kuendelea. Mashamba yalihitaji watu, nao wenyeji hawakuwa tayari kuyaacha mashamba yao wenyewe. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, utawala ulileta mfumo wa kipande, ambao ulimlazimisha mwanamume kufanya kazi kwa Mzungu siku kadhaa kila baada ya miezi michache. Wengine waliletwa kutoka mbali kwa mkataba, wakaitwa manamba. Hao wote walijengewa makambi, na makambi mengi hayakuwa mbali na reli.

3. Mlimani na Tambarare

Yafaa ikumbukwe kwamba vituo vya kwanza vya misioni katika eneo hili viliwekwa milimani. Mlalo ilianzishwa mwaka 1891, na Misioni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mlimani kulikuwa na maji, baridi na watu wengi. Tambarare iliogopwa kwa sababu ya joto, homa na ukame. Reli ilipokuja ilifuata tambarare, kwa kuwa gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali. Hivyo kanisa lilikuwa juu na reli ilikuwa chini.

Watu wakaanza kushuka. Wengine walikuja kuuza kahawa, ndizi na mboga, wengine kutafuta kazi ya kodi, na wengine kusafiri tu. Aliyeshuka kwa siku moja alipanga chumba kwa mwezi, na aliyepanga chumba mwishowe akajenga. Mombo, Buiko, Makanya, Same, Lembeni na Kahe ni majina yaliyofahamika na wasafiri kwa sababu treni ilisimama hapo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Moshi. Boma na makao ya zamani yalikuwa juu, mahali panapoitwa hadi leo Old Moshi. Reli iliishia chini kwenye uwanda, na hapo ukazaliwa mji mpya ambao Wajerumani waliuita Neu-Moschi. Mji huo ndio uliokua ukabaki na jina. Kwa swali la nani alitangulia, Moshi mjini hauna la kubishana, kwa maana mji wenyewe ni mtoto wa reli.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sharika nyingi za tambarare. Zilianza kama vikundi vya watu waliobatizwa mlimani, ambao kazi iliwashusha. Walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, na nyumba hiyo mara nyingi ilikuwa pale palipokuwa na kazi, yaani karibu na stesheni. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wainjilisti Waafrika ndio walioshika kazi, milimani na tambarare.

4. Reli Wakati wa Vita

Vita hivyo viliwafundisha wakazi wa kando ya reli kwamba kitu kinacholeta chumvi na nguo chaweza kuleta bunduki pia. Waingereza walipowateremsha askari wao Tanga mapema mwezi Novemba 1914, Wajerumani walisafirisha vikosi kwa reli kutoka upande wa Moshi, na ndivyo walivyoweza kuwarudisha baharini. Mwaka 1916 hali iligeuka. Moshi ilitwaliwa mwezi Machi, na majeshi ya Kijerumani yakarudi nyuma yakiifuata njia ya reli, yakiharibu madaraja na vyuma ili adui asivitumie. Yeyote aliyekuwa na nyumba au shamba karibu na njia alikuwa amejenga katikati ya mapito ya majeshi mawili. Chakula kilichukuliwa na wanaume wakatwaliwa kuwa wapagazi.

Vita hivyo pia viliacha njia mpya. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe ili kuwafikisha askari wao, na kwa njia hiyo reli ya Tanga ikaungana na ile ya Mombasa. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha. Mwaka 1963 ikajengwa njia ya kuiunganisha na Reli ya Kati kati ya Mruazi na Ruvu, na tangu hapo treni ikaweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi bila kuvuka mpaka.

5. Kota na Gengi

Si kila nyumba iliyo kando ya reli ilijengwa na mwenyeji wake. Nyingi zilijengwa na reli yenyewe. Katika stesheni kubwa kulikuwa na kota za wafanyakazi, zilizopangwa kwa safu na kwa vyeo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ilikuwa na veranda, na ya fundi wa kawaida ilikuwa na chumba kimoja au viwili, bomba la maji likiwa la wote. Katikati ya stesheni na stesheni, porini, kulikuwa na gengi, yaani nyumba chache za wafanyakazi waliotunza sehemu yao ya njia. Hao walitembea juu ya mataruma kila siku wakikaza bolti, wakifyeka majani na kurudishia kokoto, na msimamizi wao akapita na kiberenge kukagua kazi.

Mke wa mfanyakazi wa gengi aliishi maisha ya upweke. Duka lilikuwa mbali, shule ilikuwa mbali, na hata maji katika sehemu nyingine yaliletwa kwa treni. Hata hivyo, familia hizo zilikuwa na mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo jirani zao wakulima hawakuwa nalo, na watoto wengi wa kota walisomeshwa kwa mshahara huo.

Neema hiyo ilikuwa na sharti lake. Nyumba ya kota ilikuwa ya kazi, haikuwa ya mtu. Aliyestaafu, aliyefukuzwa au aliyefariki aliiachia nyumba, na familia yake ikafunga mizigo. Hivyo wafanyakazi wa reli waliogoma, kama wale walioshiriki mgomo wa mwaka 1947 ulioanzia bandarini Dar es Salaam na kuenea kwa kufuata reli, au wale wa mgomo wa mwaka 1960, walihatarisha mshahara pamoja na paa lililowasitiri watoto wao. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, shirika la pamoja la reli nalo likagawanyika. Wafanyakazi waliozoea kuhamishwa kutoka Tanga hadi Voi au Nairobi walilazimika kuchagua upande, na wako waliozikuta nyumba walizozizoea ziko katika nchi nyingine.

Wastaafu wengi hawakurudi kwao. Walikuwa wameishi kando ya reli kwa miaka 30, watoto wao wamezaliwa hapo, na kanisa lao lilikuwa hapo. Wakatafuta kipande cha ardhi hatua chache kutoka kota waliyoiacha, wakajenga. Wengine waliuziwa na wenyeji, wengine waligawiwa na serikali ya kijiji au ya mtaa. Ni wachache waliouliza ukanda wa reli unaishia wapi, kwa kuwa wote waliona nyumba nyingine zimekwisha kujengwa.

6. Maisha kwa Saa ya Treni

Katika siku ambazo saa ya ukutani ilikuwa mali ya matajiri, treni ndiyo iliyokuwa saa ya kijiji. Watu walitoka shambani treni ilipopita, na mama alijua kwa honi kwamba wakati wa kubandika chungu umefika. Tena chuma cha reli chenyewe kilikuwa kengele. Katika shule na makanisa mengi kipande cha reli kilichakaa kikaning'inizwa mtini, kikagongwa kwa nondo, na sauti yake ikasikika ng'ambo ya mto. Watoto wa Kikristo waliitwa kusoma na kuabudu kwa chuma kile kile kilichobeba mkonge kwenda Tanga.

Treni ilileta soko mlangoni. Muheza ilijulikana kwa machungwa yake, na katika kila stesheni akina mama walijipanga na sinia za mayai, mahindi, ndizi na maandazi. Dakika chache za treni kusimama zilitosha kulipa ada ya shule ya mtoto. Reli ya Kati nayo ilikuwa na sifa kama hiyo, na wasafiri waliijua Saranda kwa kuku wake wa kupikwa.

Taabu nazo zilikuwapo. Wakati wa injini za mvuke, nguo zilizoanikwa zilipata masizi, na cheche ziliweza kuwasha majani makavu na hata mapaa ya makuti. Treni nzito hutikisa ardhi, na ukuta wa udongo uliopigwa vizuri huanza kuonyesha nyufa baada ya misimu michache. Mgeni aliyelala usiku wa kwanza katika nyumba ya namna hiyo aliamka kwa hofu akidhani dunia inapasuka, ilhali wenyeji waliendelea kukoroma. Mwenyeji wa kando ya reli hakuamshwa na treni. Aliamka pale treni ilipokosa kupita.

Hatari kubwa ilikuwa kwa watoto, walevi na mifugo. Gurudumu la chuma juu ya chuma huviringika kwa urahisi, na ndiyo faida ya reli, lakini kwa sababu hiyo hiyo treni iliyopigwa breki huendelea mbele mamia ya mita kabla ya kusimama. Dereva anayemwona mtoto relini mara nyingi hana la kufanya ila kupiga honi. Tena treni inayoteremka haina kishindo kama watu wanavyodhani, na anayetembea katikati ya reli akiwa na upepo usoni anaweza asiisikie iliyo nyuma yake. Uzito wa treni iliyokosa breki ulijulikana nchi nzima tarehe 24 Juni 2002, pale treni ya abiria iliporudi nyuma katika eneo la Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha.

Ni kwa sababu hizo kuna hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi ulioachwa wazi pande zote mbili. Ukanda huo humwezesha dereva kuona mbele, hupitisha maji ya mvua yasibomoe tuta, huwapa mafundi nafasi ya kazi, na hupokea mabehewa yanapoanguka. Asiyeelewa maana yake huuona kuwa ni ardhi iliyolala bure.

7. Reli Yanyamaza, Kisha Yaamka

Katika miaka ya 1990 treni za abiria za kwenda Moshi na Arusha zilisimama, na miaka iliyofuata hata mizigo ikahamia barabarani. Nyasi zikafunika mataruma. Stesheni zikafungwa, na madirisha yake yakavunjika. Watu wakaanza kupita juu ya reli kama wapitavyo uchochoroni. Vibanda vya biashara vikasogea, kisha migomba, kisha vyoo, kisha nyumba. Katika kipindi hicho alizaliwa mtoto, akasoma, akaoa, na asiione treni hata mara moja ikipita mbele ya nyumba ya baba yake. Kwa mtoto huyo, nyumba ilitangulia, na reli ilikuwa hadithi ya babu.

Lakini reli haikuwa imekufa. Serikali iliamua kuifufua, na kabla ya ukarabati wakazi walioingia ndani ya hifadhi walitakiwa kuondoka. Alama za X zikaonekana kutani. Wako waliobomoa wenyewe ili waokoe mabati na milango, na wako waliobomolewa. Mwaka 2019 treni ilifika tena Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Watu walijipanga kando ya njia kuishangilia, wazee wakilia kwa furaha, na miongoni mwa waliosimama hapo walikuwamo waliokuwa wamepoteza nyumba kwa ajili yake.

Hapo ndipo lile swali la tangu mwaka 1895 liliporudi kwa nguvu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mtu anayenyang'anywa ardhi yake kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Aliyefuatwa na reli mpya anayo haki hiyo. Aliyeifuata reli ya zamani akaingia ndani ya mipaka yake hahesabiwi kuwa amenyang'anywa, kwa kuwa ardhi ile haikuwa yake. Kwa upande wa sheria jambo liko wazi. Kwa upande wa utu haliko wazi hata kidogo. Mjane aliyeuziwa kiwanja kwa mashahidi, akalipa kodi ya jengo na kuunganishiwa umeme, alikuwa ameambiwa na mamlaka mbalimbali, kwa matendo yao, kwamba yupo mahali pake. Kosa lilikuwa la wengi, lakini nyumba iliyoanguka ilikuwa moja.

Reli mpya ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma, imechukua njia nyingine. Imezungushiwa uzio na kuwekewa vivuko maalumu. Usalama umeongezeka. Lakini jirani wa reli hiyo haitembelei stesheni kwa kukatiza uwanja kama zamani, wala hauzi mahindi dirishani.

8. Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba waliokaa kando ya reli walipokea mengi kutoka kwake: kazi, soko, elimu ya watoto, habari za mbali, na hata sharika zao. Kitu kimoja hawakupewa, nacho ni ardhi yenyewe. Kila kizazi kilichosahau jambo hilo kilikumbushwa kwa uchungu. Pia yaonyesha kwamba reli nayo ilisahau. Ilisahau mashamba iliyoyakata ilipokuja, na watu walioitunza kwa mikono yao kisha wakatakiwa kurudisha ufunguo wa kota.

Kwa hiyo swali la nani alitangulia halifai kuachiwa nyundo na rangi nyekundu. Linahitaji karatasi na kumbukumbu. Familia zinazoishi karibu na njia hapana budi zijue mawe ya mipaka yako wapi, zihifadhi hati na stakabadhi, na zisinunue kiwanja kwa maneno ya dalali. Viongozi wa mitaa hawana budi kukataa kugawa kisichokuwa chao. Wazee wa kota na gengi, ambao wanapungua mwaka hadi mwaka, yafaa waulizwe na vijana habari za njia hiyo, nazo ziandikwe, ili miaka 100 ijayo asitokee tena mpima ardhi wa kuliita shamba la mtu pori, wala mtu wa kuiita reli iliyonyamaza kuwa imekufa.